Nilimfundisha afisa wa serikali kuondoka mezani, na hakuna aliyemwita arudi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mie si mwandishi, skuli nliachia darasa la sita, kwa hiyo herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe. Lakini nnayoyaandika hapa yamenipitia mwenyewe, na pale penye aibu yangu nimeiacha kama ilivyo.

Kwanza mjue mnazungumza na nani.

Nlianza kuuza tungule, nyie wa bara mnaziita nyanya, sokoni Darajani, chini kabisa, juu ya gunia. Leo nna ukumbi wangu Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, una viyoyozi vinne, spika na jiko lake. Sikurithi hata kijiko. Watu na digrii zao wananiomba nafasi mwezi mzima kabla. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Ikaja semina ya siku tatu. Maafisa wa serikali kama ishirini, kutoka idara tafauti. Bango limeandikwa Diplomasia ya Afya ya Kimataifa. Nikamuuliza aliyekuja kufundisha, mama wa makamo kutoka bara, Dokta Rehema, ndiyo kitu gani hicho. Akanieleza kwa upole kwamba maradhi hayajui mpaka lakini dawa na mashine zina wenyewe, kwa hiyo lazima wawepo watu wanaojua kukaa meza moja na wageni, wakaomba bila ya kujidhalilisha na wakakataa bila ya kugombana.

Moyoni nikasema, haya mie nnayafanya tangu sijaota ndevu.

Kawaida yangu semina ikianza hushuka chini kwenye shughuli zangu. Hii nlikaa, kiti cha nyuma, karibu na birika la chai. Kulikuwa na jambo linanihusu.

Nchi moja rafiki ilitaka kutupa mashine ya mionzi, ile ya kutibu saratani, iwekwe hapa Unguja. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mwezi unaofuata, na atakayeongoza upande wetu alikuwemo humo ndani. Bwana Makame, mtu wa miaka arubaini hivi, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

Na mie nna dada yangu Jambiani, Mwanaidi, mkubwa wangu wa tumbo moja. Ana saratani ya kizazi. Daktari keshampangia siku ya kwenda Dar, akae huko wiki kadhaa apigwe mionzi. Hataki. Boti inamtapisha mpaka anaishiwa nguvu, na zaidi ya hilo anaona haya kuugua ndani ya nyumba ya watu.

Sasa mnajua kwa nini nlikaa.

Siku ya pili wakafundishwa mabano. Mie nlikuwa najua mabano ya hesabu tu. Kumbe hawa wakubwa wakiandika mkataba, kipengele wasichokubaliana wanakitia kwenye mabano, wanaendelea na kinachofuata, halafu wanakirudia. Kinaweza kukaa humo hata siku tatu.

Dokta akawaambia, "Kikikushinda usikikubali na usikikatae. Kitie mabano, kaa. Ukiondoka, wao wanaandika kwamba umeondoka."

Kilichokuwa kinamsumbua Makame ni kipengele kimoja. Mashine watatoa bure, lakini fundi na vipuri vitoke kwao tu, maisha yake yote. Ikiharibika tutakaa tunamngoja fundi apande ndege, na wagonjwa wanangoja.

Wakati wa chai akanijia. "Kaka, wewe mtu wa biashara. Mtu kakushikilia lake, unafanyaje?"

Wakuu, mngeniona nlivyovimba.

Nikamwambia mabano ni ya waoga. Darajani hubishani mpaka mwisho. Unasema basi tuache, unageuka, unatembea polepole. Hatua ya tatu, ya nne, muuzaji mwenyewe anakuita, njoo wewe, njoo, lete. Ukishaitwa tu, bei ni yako. Nikamuonesha kwa vitendo, ukumbi mzima, sambusa mkononi. Nikamwambia asitembee haraka, kwa sababu ukienda haraka unamnyima mwenzako nafasi ya kukuita.

Mchana wakafanya igizo la mazungumzo. Mama mmoja wa idara nyengine alikaa upande wa wafadhili. Alipokaza kwenye kile kipengele, Makame akakusanya makaratasi yake, akainuka, akaenda zake taratibu.

Hatua nne.

"Bwana Makame, njoo bwana, usinune, tuyazungumze," yule mama akamwita.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wakapiga makofi, wengine wakanigeukia mie kule nyuma. Dokta Rehema peke yake hakucheka.

"Kakuita kwa sababu na yeye hununua samaki Darajani," akasema. "Wale hawajawahi kununua."

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika. Nikapaza sauti, "Dokta, wewe umesoma, mimi nimeuza."

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Akangoja wamalize, akaendelea na somo lake. Maneno yale nliyasimulia mabarazani wiki nzima. Siku hizi yakinijia hufunika uso.

Ijumaa nikenda Jambiani. Nikamwambia dada mashine inakuja, na aliyewafundisha watu wetu kubishana ni mie nduguyo.

"Kweli?"

"Mie nshawahi kukudanganya?"

Siku yake ya kwenda Dar ilikuwa wiki ile. Akampigia simu mwanawe kumwambia asikate tiketi. "Nitangoja yetu," akasema, na alivyofurahi aliniwekea mpaka pweza nije naye mjini. Sikumzuia. Nlijiona nimempa zawadi.

Mazungumzo yalifanyika kwenye hoteli moja ya pwani. Mie sikuwepo. Makame alinijia ukumbini siku nne baadaye, mchana, hapana shughuli, vijana wangu wanafuta viti. Akakaa, asichukue hata maji.

"Kaka, nlitembea polepole. Mkoba niliufunga zipu moja moja kwa makusudi. Nikafika mlangoni, nikatoka. Nikasimama koridoni nikanywa maji glasi mbili. Nikawa nasema, sasa hivi."

"Wakakuita?"

"Nliporudi kuchungulia walikuwa wanakunja nyaya za laptop."

Barua yao ilikuja na adabu zote. Wamefahamu kwamba hatuko tayari, wanaheshimu uamuzi wetu, mashine wataipeleka kwengine. Makame katolewa kwenye nafasi ile, kapelekwa kusimamia stoo. Hakunilaumu hata neno moja. Wallahi nlitaka anitukane.

Tena akanambia jengine, bila ya kujua ananiua. Kwamba hata wangetia saini siku ile, jengo lake tu, lenye kuta nene za kuzuia mionzi isitoke, lingechukua zaidi ya mwaka. Mie nlidhani inashushwa bandarini ikachomekwa kwenye umeme kama friji.

Dada yangu alikuwa yuko wiki ya saba anangoja.

Kesho yake nlikwenda kwake. Nlimkuta kalalia ubavu, kakonda, mkono mmoja uko tumboni. Nlimwambia yote, mpaka la sambusa. Nlipomaliza akaniuliza kitu kimoja.

"Siku ile uliponambia inakuja, ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa sijui, dada."

"Basi ungesema hujui. Ningepanda boti."

Tukavuka wiki ile ile, nimemshikia mfuko wa kutapikia njia nzima. Daktari wa Dar aliangalia picha mpya, akaiweka pembeni ya ile ya zamani, akaniomba nikae nje. Mionzi anapewa, ila ni ya kupunguza maumivu. Ile ya kuponya wamesema wakati wake umepita.

Nimempangia chumba karibu na hospitali, hakai kwa mtu, anaugua kwa nafasi yake. Chumba kile nlikuwa na uwezo nacho tangu mwanzo. Sikukifikiria hata siku moja, nlikuwa nafikiria mashine.

Funzo nlilolipata, wakuu. Kuuza najua, na bado najua, hapo hamnitoi. Lakini kuna meza ukiondoka unaaminiwa kwamba umeondoka, na wanaozijua wamekaa madarasani miaka kuzijua. Na neno sijui lilikuwa halijawahi kunitoka mdomoni mbele ya watu, maana nlidhani ni la waliofeli.

Nawauliza waliowahi kukaa kwenye mazungumzo kama hayo: mtu akishatoka mlangoni, iko njia ya kurudi kuomba upya? Makame anataka kuandika barua, wakubwa zake wanamwambia aache.

Na wenye kutaka kunisema, nisemeni, nasoma zote. Nipo kwenye benchi la hospitali, dada yuko ndani, na huku hukaa muda mrefu.