Mkono Begani mwa Baba

Sijui kwenu mnafanyaje, lakini mimi siwezi kukaa karibu na mwanamume aliyevaa koti la kuazima. Juzi hapa Kasongo, kwenye arusi ya jirani, aliketishwa kando yangu mzee mmoja mpole, amevaa koti jeusi lenye mabega mapana kuliko yake. Alipoinua mkono kuchota wali, ikatoka harufu ninayoijua: jasho la watu wengi lililokaukia kwenye kitambaa kimoja, tumbaku, samaki mkavu, na manukato ya bei rahisi yaliyomwagwa juu ili kuficha vyote hivyo. Nikaweka kijiko chini. Wali ulikuwa mzuri na nyama ilikuwepo, lakini nilishinda na soda mpaka arusi ikaisha.

Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Mama yangu alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi, Feza wake, nilitanguliza pua kuzaliwa, mwili ukafuata baadaye. Nilikataa maziwa yenye utando, nilikataa kulala upande mmoja na mbuzi, nilikataa kunywa kikombe alichonywea mjomba. Lakini harufu hii ya koti ina habari yake, na nikiisikia inanirudisha kijijini kwetu, upande wa Wamaza, mbele ya picha ambayo mpaka leo imetundikwa ukutani.

Koti lilikuwa la Sadiki, mpiga picha. Alikuwa kijana wa Kasongo mjini, akipita na pikipiki yake kijiji hadi kijiji, mpaka Kabambare, mpaka Salamabila kwa wachimba dhahabu, kamera shingoni na koti ndani ya mfuko wa nailoni. Kwetu mtu hapigwi picha vivi hivi. Anaoga, anavaa, anakaza uso, anafunga mdomo, na vitu vyake vinavyostahili kuonekana vinapangwa pembeni, kuanzia sufuria hadi kuku. Mwanamume asiye na koti aliazima la Sadiki. Walilivaa bwana arusi, mwalimu, mzee wa kanisa na mchimba dhahabu aliyetoka shimoni saa ile ile. Nina hakika halikuwahi kuona maji isipokuwa ya mvua. Kola yake ilikuwa ngumu, inang'aa kwa mafuta ya shingo za watu.

Baba alikuwa Salamabila. Aliondoka mdogo wangu Mauwa akiwa bado tumboni, akisema anakwenda kutafuta, na sasa Mauwa alikuwa anatembea na kuvunja vikombe. Mwanzoni watu wa pikipiki walituletea kutoka kwake sabuni, chumvi, siku moja hata kikwembe cha mama, kitenge cha kujifunga. Kisha zikawa zinakuja salamu tupu. Kisha hata salamu zikakatika. Mama hakulalamika mbele yetu. Kila pikipiki iliyotoka kule aliisimamisha, akauliza habari za njia, za mvua, za bei ya mchele, na mwisho kabisa, kama jambo lililomjia tu kichwani, akauliza habari za baba Kashindi. Kashindi ni kaka yangu.

Basi Sadiki alipofika mwaka ule, mama alimkaribisha ndani kabla hajashusha mizigo.

"Unafika mpaka Salamabila?"

"Nafika, mama."

"Basi utamupiga foto bwana yangu kule, umutie kati yetu. Nasikia kompyuta inaweza."

"Inaweza. Munaacha kiti moya wazi. Nikifika kule namukalisha, namupiga, kisha pale Kasongo wanaunganisha. Mutakuwa familia muzima."

"Na kabla ya kumupiga, umuonyeshe sisi mu kamera. Aone ile kiti."

Hapo ndipo penyewe. Picha ilikuwa kisingizio. Mama alitaka baba auone mlango wake, watoto wake na kiti chake kitupu, aone haya, arudi nyumbani.

Basi tukatayarishwa. Tulipakwa mafuta meusi ya kokwa za michikichi, yanayonuka kama kitu kilichoungua jana, mpaka vumbi lote la uwanja likatufuata na nzi wakaja nyuma yake. Mama akalowesha kidole gumba kwa mate, akanisafisha tongo za macho, na asubuhi ile alikuwa amekula ndagala, wale dagaa wakavu. Nilibana pumzi. Uwanjani kulikuwa na mkeka wa mihogo iliyotoka mtoni kuvundikwa, myeupe, laini, inatoa maji na ile harufu yake ambayo watu wazima wanaiita harufu ya chakula. Sadiki mwenyewe alifunika pua.

"Mama, tutoe ile mihogo."

"Foto haina harufu. Iache, aone kama chakula iko."

Tukapangwa mbele ya ukuta ambao mama alikuwa ameupaka udongo mweupe usiku uliopita. Kashindi aliketi chini mbele, amepakata redio isiyo na mawe, yaani betri. Mama aliketi kwenye kiti chake, Mauwa mapajani. Kando ya mama kikawa kiti cha baba, na juu yake Sadiki akatandaza lile koti, ajue mwili utakaokuja utaingia wapi. Mimi nikawekwa upande wa pili wa kiti, karibu kabisa, pua yangu sawa na kola. Nilijaribu kusogea. "Karibia baba yako," mama akasema, na nikalikaribia koti.

Sadiki alikuwa bado anahangaika na jua wakati Mauwa alipokojoa. Mama alikuwa amemshika vizuri, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine kifuani, na hakuutoa hata mmoja. Niliona mkojo unapita kwenye kikwembe kipya, unashuka mguuni, unaingia kwenye kiatu. Yeye alikuwa anaangalia kamera. Sadiki akapiga. Akaliondoa koti, akapiga tena kiti kikiwa kitupu, akasema basi, na mimi nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Wote walicheka, hata mama, na kwa kweli alikuwa na furaha siku ile.

Tulingoja mvua zikanyesha na kupungua. Mama alikuwa amemwekea Sadiki jogoo mwekundu, akimfunga mguu kila jioni asije akaliwa na mnyama. Siku pikipiki iliposikika, mimi ndiye niliyetumwa kumshika jogoo yule, nikamleta akiwa amenichafua hadi kiunoni.

Sadiki hakuzima moto wa pikipiki. Alimkabidhi mama picha iliyofungwa kwenye nailoni, akawa anaangalia matairi yake.

"Mama, ndiyo vile kompyuta imeweza."

"Na kuku yako huyu."

"Hapana, mama. Mukule tu na watoto."

Nilishangaa. Sadiki alikuwa mtu wa kumaliza sahani ya wageni na kuuliza kama sufuriani kumebaki. Akageuza pikipiki, akaenda.

Baba alikuwepo. Alikaa kwenye kiti chetu, amevaa lile koti, amenenepa mashavu, anaangalia mbele kwa heshima zote. Redio ilionekana, mihogo ilionekana, mimi nilionekana nimekunja pua. Na juu ya bega la baba palikuwa na mkono. Vidole vinne vilivyotulia vizuri kwenye kitambaa, kucha nyekundu, kipande kidogo cha kifundo cha mkono, kisha ukuta wetu mweupe. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Ulikuwa umetoka ukutani.

Umewahi kuona mkia wa mjusi uliobanwa na mlango, mjusi mwenyewe amekimbia? Nilihisi vile vile, kwamba kitu kile hakikutakiwa kuwepo peke yake.

"Mama, iko mukono hapa."

Mama aliishika picha kwa muda mrefu. Jogoo alikuwa anapiga kelele, Mauwa anavuta nguo yake.

"Iko yangu," akasema.

"Yako iko hapa na hapa," nikasema, nikimwonyesha kidole kwa kidole: huu wa chini ya Mauwa, huu wa kifuani.

"Feza, enda uchote maji."

Mtungi ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Nilikwenda.

Akaitundika kando ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Wanawake wa kijiji walikuja kuangalia, maana picha ya kompyuta ilikuwa jambo geni, na wa kwanza alikuwa Mama Bitondo, jirani yetu, ambaye mdomo wake ulikuwa unafika Wamaza kabla ya pikipiki. Nilijua yeye atasema. Alikaribia mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye nailoni. Akauliza mkono ule ni wa nani, mama akamjibu ni wake. Mama Bitondo akaangalia bega la baba, akashuka kwenye mapaja ya mama, akapanda tena begani. Nikamngoja.

"Kweli," akasema. "Hata vidole iko yako."

Na wengine wote waliofuata wakasema hivyo hivyo. Ilinichukiza kupita kiasi. Wanawake wazima wanaojua kuhesabu mafungu ya mihogo kwa kutupa jicho mara moja, wakasimama mbele ya mwanamke mwenye mikono mitatu na kumsifu ametoka vizuri. Nilimwonea mama aibu kama mtu anavyomwonea aibu mlevi wa ukoo.

Baada ya soko la Wamaza mama alirudi na kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Hakuwahi kuwa na kitu kama hicho, wala hakuna mwanamke wa shamba aliyekuwa nacho. Akaketi mlangoni akajipaka kwa taabu, ulimi nje, rangi ikapita mpaka kwenye ngozi, na kesho yake mikono hiyo hiyo ikaingia mtoni kuvuta mihogo. Rangi ilibanduka vipande vipande. Akapaka tena juu yake. Ukaona kucha nene zenye magamba, na chini yake ule uji mweupe wa mihogo iliyooza.

Siku moja nilikuta kigamba chekundu ndani ya bukari, ugali wetu wa mihogo. Nilikuwa nimeshakitafuna. Nikatema tonge lote mkononi, nikaanza kulia kwa kinyaa, nikasema mama acha kupaka ile rangi, inatulisha uchafu. Kashindi aliacha kula. Mama hakunipiga, ingawa nilistahili. Alikitoa kile kigamba kwenye tonge langu kwa ncha ya kidole, akakifuta kwenye nguo yake.

"Kula," akasema.

Baba alirudi kiangazi kilipoanza, nyuma ya pikipiki, na godoro limefungwa kwa kamba. Basi kile kiti kilikuwa kimemfikia. Watu walijaa nyumbani kumwamkia, Mama Bitondo akiwa mbele, na baba akakalishwa kwenye kiti chake, chini ya picha. Alikuwa ameiona tangu mlangoni. Nilimwona anavyoikwepa, akicheka na huyu, akiuliza habari za yule. Mama alileta chakula, akapiga goti mbele yake na beseni la maji ya kunawa, na hapo, mbele ya watu wote, akauliza kwa ile sauti yake ya kuuliza habari za njia:

"Baba Kashindi, watu wamenisumbua juu ya ile foto. Waambie ule mukono ya nani."

Baba aliangalia juu, akaangalia zile kucha nyekundu zilizoshika ukingo wa beseni.

"Si iko yako, mama Kashindi," akasema. "Ya nani tena?"

"Nilisema mimi," Mama Bitondo akasema.

Baba akatia mikono majini, akanawa, akala akashiba. Mama hakupaka tena rangi.

Niseme ukweli, baba alikaa. Alilima, alitusomesha, hakuwahi kumwinulia mama sauti, na tulimzika kwa heshima. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye mume wangu nilipoelewa kwamba mama alijua tangu picha ilipotoka kwenye nailoni, kwamba Mama Bitondo alijua, kwamba kila mwanamke aliyesifu vile vidole alikuwa anamshikia mama nyumba isianguke, na kwamba zile kucha hazikupakwa ili kumpendeza mume. Zilipakwa ili uongo upate shahidi. Niliowaona wajinga walikuwa wanafanya kazi, tena kazi nzito.

Lakini kinyaa changu hakikuisha, kilihama tu. Siku hizi namfikiria yule mwanamke wa Salamabila, mwenye mkono. Naye siku ile alioga, akapaka kucha, akasimama nyuma ya mtu wake aliyevaa koti linalonuka, akamwekea mkono begani kwa sababu aliambiwa atulie apigwe picha. Pengine kule Salamabila kuna ukuta wenye picha nzima. Pengine alikuwa na mtoto mapajani mwa baba, wakamkata naye kwenye picha yetu. Baba aliweza kuuangalia mkono ule mbele ya watu, akaukana, kisha akanyoosha wake kuchukua tonge.

Wanangu wakienda kijijini kwa bibi yao, lazima waulize ule mkono wa pichani ni wa nani. Mama amezeeka, anakaa pale pale mlangoni, anawasikia, na hageuki. Ananingoja mimi nijibu.

"Ni wa bibi yenu," ninawaambia, kisha ninatoka nje kutema mate.