Walinipatia Mulima

Mapilote ni watu wa kuchosha. Nasema hivi na miaka yangu kumi na moja ya kukaa mbele ya radio, mu biro yetu ya mabati pembeni ya uwanja wa ndege wa Bunia, nikiandika mu kaye nani ameruka, yuko wapi, atafika saa ngapi. Ndege zetu ni ndogo, za kubeba dawa, maharagi na wagonjwa toka kule ambako njia haipitike. Kazi yangu inaomba kitu kimoja tu: pilote aniambie yuko wapi. Na wale wanaume, waliosoma, wenye mashati ya kupiga pasi, wananijibu nini?

"Bunia, nimepita Mama Mukwe."

Mama Mukwe! Ni mulima mukubwa wenye mawingu, hawapendi kuukaribia. Wanausalimia kwa mbali, kwa heshima, wanaenda zao. Pale muto unapojikunja wamepaita Kiwiko. Kilima kisicho na hata muti moja kinaitwa Kipara cha Patron, na patron mwenyewe, mukubwa wetu wa kazi, hajui mpaka leo. Kuko na bonde la ukungu usiotoka siku nzima, linaitwa Matanga, kwa sababu kule, wanasema, kila saa utakuta wageni wamekaa, hawana haraka ya kurudi kwao. Ramani ya kweli iko na majina yake ya herufi tano, lakini ile ni ya ndege kubwa zinazopita juu sana. Huku chini kila mutu alibatiza alichotaka, na mimi njo niliyekuwa naandika upuuzi wao kwa biki, siku kwa siku.

Nilivumilia. Mpaka siku moja muzee wao, pilote mwenye mvi aliyewafundisha wale wengine wote, alisema mu radio na sauti ya mutu anayeagiza chai:

"Bunia, niko Mama Makelele. Dakika kumi na mbili."

"Mama Makelele ni wapi?" nikauliza.

Nikasikia wengine wawili, kila mutu mu ndege yake, wanacheka. Wapakizi waliosimama kwenye mulango wangu wakaangalia chini, mabega yanatikisika. Hapo nikaelewa.

Ni kweli, napiga makelele. Radio yetu ni ya zamani, na nyumbani tulikuwa watoto tisa. Ukisema polepole, hulambi kitu. Lakini kuniandika juu ya mulima! Aka! Nilingoja muzee ashuke, nikamukuta palepale chini ya bawa.

"Papa, weye uko na watoto wakubwa kama mimi. Haya hauna?"

"Mama, sikia kwanza..."

"Sisikii kitu! Futa ile jina!"

"Mama, ile pahali iko..."

"Futa!"

Hakufuta. Na Bunia ni mji wa midomo. Wapakizi wakapeleka habari sokoni, na kabla ya juma kuisha muuza ndizi za makemba wa barabara ya Lumumba ananiita, "Mama Makelele, kuja uone, ni mapya!" Kwetu, mutaa wa Saio, mutoto wangu wa kike akarudi toka masomo analia: mwalimu aliuliza nani anafanya fujo, darasa nzima ikamunyoshea kidole, eti ni urithi. Nililala na hasira, nikaamuka nayo. Nikaenda kwa patron, nikapiga meza. Akatoa amri: kuanzia leo hakuna majina tena, ni numero tu. Mama Mukwe ikawa point trois, ya tatu. Mimi nikawa point sept, ya saba.

Tena nikafanya kitu kingine, cha ujinga wangu mwenyewe. Nikaanza kusema polepole. Nilitaka waone kwamba mimi pia niko mwanamuke wa adabu. "Ndege, hapa Bunia, nakusikiliza," kama masera, sista wa kanisa, anayeombea mugonjwa. Mara mingi walinijibu, "Bunia, rudilia, hatusikii." Nilifikiri wananichokoza, nikazidi kushusha sauti. Makusudi.

Kisha mama yangu akagonjwa. Alikuwa amekataa kuacha shamba lake, ng'ambo ya Fataki, hata wakati majirani wote walikimbia vita. Tumbo likamuvimba, homa ikapanda. Muuguzi wa kule akatuma habari kwamba lazima apasuliwe siku ileile, na njia ilikuwa imefungwa. Patron alinipatia ndege bila kuniuliza mara mbili. Aliyeenda kumukamata ni muzee.

Alimupakia saa nne asubuhi. Hata robo saa haikupita, mvua ikaanguka juu ya Bunia, mabati yakalia mpaka sikujisikia mwenyewe. Nilijua sheria yao. Point sept, ule mulima wangu nyuma ya vilima vya mwisho, njo pahali pilote anakata shauri. Akisikia Bunia ikimwambia uwanja uko wazi, anakuja. Asiposikia, anarudi alikotoka, kwa sababu hawezi kuingia kipofu kati ya milima. Na kule alikotoka hakukuwa na munganga wa kupasua.

Mvua ikakatika ghafula. Jua likatoka. Nikakamata mikro.

"Ndege, hapa Bunia, uwanja uko wazi."

Nikarudilia. Radio ikakwaruza, sauti ya muzee ikaingia vipandevipande: "Bunia... sikusikii... nangoja dakika mbili, kisha narudi."

Mimi namusikia, yeye hanisikii! Nikasema tena, mara tatu, na ile sauti yangu ya masera.

"Bunia, hakuna kitu. Nageuka."

Hapo adabu iliniisha. Nilisimama, kiti kikaanguka, nikapiga makelele kama mutu aliyekuta mbuzi mu shamba lake.

"Weye muzee! Unageuka unaenda wapi? Mvua imeisha! Jua iko inawaka huku! Leta mama yangu! Unasikia? Leta mama yangu!"

Wapakizi wakakuja mbio. Nalia, nagomba, sijui nilisema mara ngapi. Kisha radio ikakwaruza.

"Bunia, nakusikia. Niko..." Akasita kidogo, maana ile amri ya patron ya numero tu ilikuwa bado iko. "Niko Mama Makelele. Dakika kumi na mbili."

Nikaandika. Si point sept: niliandika Mama Makelele, herufi zote.

Walipomushusha mama yangu alikuwa na rangi ya majivu. Nilitaka kumushukuru muzee, nikashindwa, nikamugombesha: kwa nini dakika mbili tu? Yeye alikuwa anashikilia chupa ya seramu iliyokuwa inaingia mu mukono wa mama, shati imelowa jasho.

"Mama, pale Mama Makelele njo sauti yako inaanza kuingia," akasema. "Tukikusikia pale, tunajua tumefika. Njo kile nilitaka kukuambia ile siku."

Mama yangu akafungua macho.

"Kule juu nilijua nakufa," akasema. "Kisha huyu papa akaniwekea kile chombo chake kwenye masikio, nikasikia weye unamutukana. Nikasema, bon, niko nyumbani."

Alipasuliwa mchana uleule, akapona. Sasa anakaa kwangu Saio, anakosoa namna ninapika sombe kila siku ya Mungu. Majirani wakimuuliza yeye ni mama ya nani, anajibu na sauti ya juu, bila haya: ya Mama Makelele. Nimechoka kumukatalia.