Elektroni ya Kumi na Nane

Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Manyunyu asubuhi, upepo wa baridi jioni. Mwalimu wa kemia hana shati lenye vifungo. Mashati yake yote huyafunga kwa pini, kwa sababu vifungo vimeshakuwa elektroni katika mifano yake ya atomu ya waya na udongo. Mkewe amezoea kumkuta mezani, kidole kikigusa kidonge kimoja kimoja na midomo ikinong'ona: protoni nyekundu kumi na saba, nyutroni nyeupe kumi na nane, elektroni kumi na saba. Hiyo ni klorini. Ukimsemesha katikati, anaanza upya bila kinyongo.

Jioni hiyo mkewe alijaribu gauni la harusi ya mdogo wake itakayofanyika kesho, akakuta kifungo cha mgongoni hakipo.

“Baba Watoto, nirudishie kifungo changu.”

“Si kifungo tena. Klorini imepata elektroni moja ya ziada, sasa ni ayoni. Kesho watahiniwa wangu wanakuja kuihesabu.”

“Na wakwe waje kuuhesabu mgongo wangu?”

“Nikikitoa, itarudi kuwa atomu ya kawaida.”

“Basi irudi. Kwani umenioa mimi au klorini?”

Mwalimu akahesabu tena, huenda kimojawapo kimezidi.

Kesho yake asubuhi alikishona kifungo kwa mkono wake mwenyewe, uzi mara mbili. Harusini aliketi nyuma ya mkewe pamoja na watahiniwa sita waliomfuata huko, klorini ikiwa magotini, wakihesabu kwa sauti ya chini: kumi na saba hapa, na ya kumi na nane ile pale, mgongoni kwa mama.