Mia Tatu za Wifi

Katika duka moja la jumla la vifaa vya umeme, mtunza stoo alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na kumbukumbu kubwa zaidi, na watu wote walimwita Mama Stoo. Kila mashine mpya ya gemu ilipokaribia kuingia sokoni, Bosi alimuuliza yeye: "Hizi za zamani tuagize ngapi?" Naye hutaja idadi, na idadi hutimia. Miaka kumi na miwili hajakosea. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Alikuwa na neno lake, na neno hilo ndilo lililomweka mjini.

Wala haukuwa uchawi. Kila Ijumaa alikwenda kwenye meza ya fundi wa duka akahesabu pedi mbovu, zile za kushika mkononi kuchezea gemu, zilizoletwa kutengenezwa. Mtu anayehangaika kutengeneza pedi, alisema, bado anaipenda mashine yake, na nyuma yake yupo jirani au binamu anayesubiri bei ishuke naye anunue ya kwake. Pedi zikikauka mezani, mashine imekufa, hata uipambe vipi dirishani.

Kosa alilifanya mwenyewe: alimtafutia kazi wifi yake. Alikuwa kitinda mimba wa kwao mumewe, binti mpole, chuo amemaliza, yuko nyumbani kwao anaosha vyombo bila kuambiwa. Mwezi wa kwanza Mama Stoo alitembea naye kifua mbele. Mwezi wa tatu roho ikaanza kumuuma. Wateja wakaja kumuulizia "yule dada mpole." Bosi, ambaye hajawahi kumsogezea Mama Stoo hata kigoda, alimnunulia binti kiti cha kuzunguka. Nyumbani nako, mume hakuwa na habari nyingine.

"Unaona mdogo wangu anavyochapa kazi?"

"Nimeona," husema Mama Stoo, huku akisugua sufuria kama imemtukana.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijifariji. Tatizo ni kwamba kidonda chenyewe alikitafuta asikione.

Mashine mpya ilipotangazwa, Bosi aliwaita wote wawili. "Haya, za zamani tutauza ngapi mpaka mwisho wa mwaka? Tuanze na mdogo."

Hilo la kuanza na mdogo lilimchoma kabla hata jibu halijatoka.

"Mia tatu, Bosi," wifi akasema.

"Umejuaje?"

"Wifi ndiye amenifundisha. Nimehesabu pedi za fundi."

Mama Stoo alikuwa na mia tatu na kumi kichwani. Angecheka tu, akasema huyo ndiye mwanafunzi wangu, sifa zote zingekuwa zake. Lakini wivu hausikii sifa. Alimfundisha lini? Ndipo akakumbuka jinsi binti alivyokuwa akimfuata mezani kwa fundi na kikombe chake cha chai, kimya, akitazama. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

"Mia moja," akasema.

Bosi akakunja uso. "Mia moja? Na pedi je?"

"Pedi mwaka huu zinadanganya. Watu wanataka kipya. Mwenzangu bado mgeni, atajifunza tu."

"Wifi anajua kuliko mimi," binti akasema, na hata upole huo ulimkera.

Bosi akaagiza mia moja.

Ziliisha hata mwezi mmoja na nusu haujatimia. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuzitengeneza, na msambazaji hakubakiwa na hata moja. Watu waliendelea kuja. "Mama, hata iliyokaa dirishani?" Hata hiyo imekwenda. Wakavuka barabara kwenye duka la pili, na Mama Stoo akawatazama migongo mmoja mmoja.

Bosi alimfuata stoo, kwenye rafu tupu. "Miaka kumi na miwili, mama. Mwaka huu umepatwa na nini?"

"Bosi, kosa ni langu," wifi akadakia kutoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyemchanganya..."

"Nyamaza wewe!" Kufukuzwa angevumilia, kuokolewa na huyu, hapana. "Hesabu yangu ilikuwa mia tatu na kumi. Nilisema mia moja kwa sababu yeye alisema mia tatu. Nilimwonea wivu. Basi."

Hasira hasara, maneno hayo alishawaambia wengi. Bosi akaigonga rafu tupu kwa kidole.

"Kuanzia leo hesabu atatoa wifi yako. Wewe utabaki na funguo."

Mama Stoo alimgeukia binti, akitamani aone japo tabasamu dogo, apate sababu ya kumchukia kwa haki. Badala yake binti aliangua kilio cha kwikwi, anasema si haki, wifi ndiye mwalimu wake. Bosi akatoa leso. Fundi akakimbilia maji. Mlinzi naye akaacha geti akaja kusema pole, dada, usilie.

Mama Stoo akabaki amesimama kando ya rafu. Aliyenyang'anywa kazi ni yeye, aliyeaibika ni yeye, na anayebembelezwa ni wifi.