Mkate wa Shangazi na Mwendo wa Meli

Meli ya watalii ilikuwa ikitia nanga bandari ya Wete, kisiwani kwetu, asubuhi na kuondoka alasiri. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni kijijini Shumba kwa shangazi yangu, wakaone mikeka inavyosukwa, wanunue, kisha niwarudishe. Nikiwahesabu mara mbili, maana Mzungu akisahaulika hauziki.

Mikeka ile haikuwa na mnunuzi mwingine wa maana. Lakini shangazi alikuwa na sharti lake: mgeni hatoki kwake hajala. Mkate wa kumimina kama haujaiva, watu watakaa mpaka uive.

Siku moja tulipochelewa, fundi wa mitambo ya meli, mtu wa Mombasa, alinivuta pembeni bandarini.

"Unauona moshi ule mweusi? Ndio mkate wa shangazi yako."

"Mkate gani unaungua baharini?"

"Mkichelewa, sisi usiku kucha tunakimbiza meli ili tuwahi bandari ya mbele. Chombo kikubwa ukikizidishia mwendo kidogo tu, kinakunywa mafuta bila huruma. Tukitoka mapema tunakwenda pole, mafuta yanabaki, moshi unapungua. Wenye meli ndivyo wanavyotaka sasa. Bandari inayotuchelewesha itafutwa kwenye ratiba."

"Tuongezee nusu saa."

"Siuzi saa, bwana."

"Basi robo."

Akacheka, lakini hakushusha bei.

Nikaenda kujaribu upande wa pili. "Shangazi, pika kabla hawajafika."

"Niwape kiporo?"

"Basi wafungie, wakale njiani."

"Mgeni nimfungie kama mtoto wa skuli? Watu waseme nimemfukuza?"

"Meli inataka kupunguza mafuta, Shangazi."

"Hata mimi nimepunguza. Zamani nikipaka samli."

Safari iliyofuata mkate ulichelewa kuiva. Wageni walikula, wakasifu, wakaomba tena. Bandarini niliwahesabu mara mbili: walitimia. Muda ndio haukutimia. Meli iliondoka kwa kasi, moshi wake ukabaki juu ya mikoko kama mtu aliyesahau kuaga.

Msimu uliofuata fundi alinipigia simu. Wete imefutwa, watapitiliza moja kwa moja hadi Mombasa. "Mafuta yamepungua sana," alisema, kisha akaniomba radhi. Nilitafuta la kumlaumu nikakosa. Bahari yenyewe ni yetu, na moshi nao tulikuwa tukiuvuta sisi.

Siku meli ilipopita nje ya Shumba, nilikuwa ufukweni na shangazi. Mikeka ilikuwa nyumbani, imekunjwa nyuma ya mlango. Meli ilikwenda taratibu, haina moshi hata wa kiberiti. Shangazi alikinga mkono juu ya macho, akaitazama muda mrefu.

"Mbona leo haina haraka?"

Nilikuwa na maelezo yote ya fundi, kuanzia mwendo hadi mafuta.

"Kwa mwendo ule," alisema, "wangekuwa wameshakula."