Ukoko wa Mama Amparo

Harufu ya wali ulioshika chini ya sufuria hunikuta popote nilipo, na mara nyingi huniliza. Wenzangu hukimbilia kupunguza moto. Mimi hutoka nje.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba, fundi uashi wa Mwankoko, alikuwa amemjengea jiko la kuni Mama Amparo, Mhispania aliyefungua mgahawa wa vyakula vya kwao karibu na ziwa, pale Singida mjini. Jiko lilipokubali kuwaka bila kujaza moshi ndani, akatualika kula. Mgahawa wenyewe ulikuwa wa wakubwa: vitambaa vyeupe mezani, glasi zenye miguu, na uma nyingi kiasi kwamba nilidhani tunangoja wageni wengine. Baba alivaa koti lake la harusi. Mama alijifunga kitenge kipya kikamzunguka karibu mara mbili, maana alikuwa amekonda sana.

Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Kwa muda mrefu mama hakuwa akila. Alipika, akatupakulia, akakaa pembeni na kikombe cha uji mwepesi akisema ameshiba. Shibe gani hiyo, nilijiuliza. Nikajipa moyo kwamba chakula cha Kizungu kitamrudishia hamu.

Likaja sinia la chuma, pana kama ungo: wali wa manjano uliopikwa kwa kuni pamoja na kuku wa kienyeji na maharage mabichi. Tukapakuliwa. Kisha Mama Amparo akakwangua chini ya sinia, akaweka ukoko kwenye sahani nzuri kuliko zote, akampa mama.

Baba akabadilika uso. Bibi yangu alizoea kusema mgeni hapewi ukoko hata kama ndiye aliyeupika. Baba aliweka uma chini, akaanza kusukuma kiti. Mama Amparo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaeleza kwamba kwao hiyo ndiyo sehemu ya heshima, watu huigombea, naye amemchagulia mama wa nyumba. Baba akatulia, lakini sahani ile akaivuta upande wake.

"Mama, kula," nilimwambia. "Kidogo tu."

Mama akaniangalia kwa muda. "Baba Neema, rudisha sahani yangu."

Akala. Alitafuna polepole, akishushia maji, machozi yakimlengalenga. Alipomaliza alitabasamu, akasema tangu aolewe ukoko ameula sana, ila leo ndiyo mara ya kwanza kuandaliwa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaona aibu kwa hasira zake. Njia nzima ya kurudi niliruka nikiimba kwamba mama amepona, na hakuna aliyenikatiza.

Tulimzika kabla ya kuvuna alizeti. Kwa miaka mingi nilimkasirikia Mungu kwa kumchukua mtu aliyekuwa ameanza kula.

Nilishakuwa mtu mzima shangazi aliponiambia kwamba mama alikuwa na saratani ya koo, baba akijua, na kwamba siku zile hata maji yalimchoma. Baba mwenyewe ndiye aliyemsimulia: walipobaki wawili, alimuuliza mama kwa nini alijitesa vile. Mama alimjibu kwa Kinyaturu, na shangazi akanirudishia maneno yake taratibu: "Neema alikuwa ananiangalia."