Mama mkwe kafyeka bustani yangu ya maua, na siruhusiwi hata kumkunjia sura

Wakuu, habari za muda huu.

Haya ninayowaambia ni kweli tupu, sijatia chumvi. Naandika na hasira zangu, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie, mwenzenu niliishia darasa la saba.

Nimehamia kwangu. Huku Ilemela, juu mlimani, katikati ya mawe. Vyumba viwili na sebule, ila ni kwangu, hakuna mtu wa kunigongea mlango.

Uwanja ulikuwa changarawe na vumbi. Mke wangu akasema anataka maua. Nikamcheka, maua ni ya mahotelini.

Nikaanza ili kumfurahisha tu, mwisho nikanogewa mwenyewe. Nikapandisha udongo mweusi kwa ndoo kutoka bondeni, nikajaza kwenye nafasi za mawe. Nikapanda mekundu, ya njano, na kichaka kimoja cha rangi ya chungwa dirishani kabisa. Maji ya kuoga tukagawana na maua. Majirani wakaanza kuniita Bwana Harusi.

Mvua zilipokuja, aisee!

Vipepeo. Nyuki. Ile mijusi yetu ya kwenye mawe, kichwa pinki mwili bluu, imependeza kama inaenda kipaimara, inapiga pushapu juu ya jiwe.

Halafu akaja chozi. Kandege kadogo, dume linang'aa kijani, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Jike likaning'iniza kiota kwenye kile kichaka cha dirishani. Vikatoka vifaranga.

Mke wangu akawa anachungulia pazia kwanza, ndiyo anisalimie mimi. Nimeshushwa daraja na ndege. Ila nilifurahi, nisiwadanganye. Manyoya yalishaanza kuota, tukawa tunasubiri viruke.

Sasa mama mkwe akapiga simu kutoka Misungwi. Sifa zikanipanda kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumba mpya inasemaje?"

"Mama, huku wadudu wamejaa! Mijusi mpaka inataka kuingia ndani!"

"Poleni sana wanangu."

"Asante mama."

Nilidhani ni pole ya kuhama!

Kesho yake mimi nipo kijiweni, mke wangu yupo gengeni kwake. Tunarudi jioni, uwanja umenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Na ule udongo wangu mweusi umeinuliwa matuta, viazi vitamu tayari vimepandwa.

Kichaka cha dirishani kimefyekwa, kimechomwa na takataka zingine. Moshi bado unafuka.

Mama anatabasamu mlangoni, jembe mkononi. Kapanda gari kutoka Misungwi kuja kutuokoa.

Mke wangu akaenda kwenye majivu akachutama.

Wasukuma wenzangu mnajua. Mama mkwe hapewi mkono, njiani unampisha, kumfokea ndiyo usahau kabisa. Hasira zimejaa, pa kutokea hapana. Nikapiga teke jiwe. Wakuu, jiwe la Mwanza halipigwi teke.

Nikasimama nyuma ya nyumba, nikapaza sauti:

"Mke wangu! Mwambie mama wale vipepeo na ndege walikuwa viumbe, sio uchafu!"

Mama yupo jikoni, hatua chache tu, naye akamgeukia bintiye:

"Mwambie mumeo, anayetaka ndege afuge kuku. Kuku hadai maua."

Mke wangu katikati kama refa. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilichojifunza: mkulima usimwambie una wadudu kwa mbwembwe. Huyu mama kalima pamba maisha yake yote, mdudu kwake ni adui wa kuuawa. Ningesema vipepeo, saa hizi ningekuwa na bustani. Naelewa. Lakini kuelewa hakujanipunguzia hasira hata punje, na viazi vyake siwezi kuving'oa.

Leo asubuhi yule chozi jike kaja, kabeba kitu mdomoni. Kapigapiga mabawa pale dirishani, kazunguka, karudi, kazunguka tena.

Mama kamwangalia weee, halafu kamuuliza mke wangu, "Hako kandege kanatafuta nini?"

Mke wangu kavuta pazia.

Wenye wakwe zenu njooni hapa. Ungekuwa wewe, ungemwambia?